Lenzi kuukuu zinatosha kwa wadudu wa Tabora

Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2017, ana alama mbili zinazomtenga na viwavi wengine wa mahindi: usoni ana mstari mweupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mkulima wa Ziba, wilayani Igunga, akimkuta amekomaa ataziona alama hizo kwa macho. Akimkuta angali mchanga, kabla hajajichimbia ndani ya moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii, alama ni ndogo na hafifu mno. Mfugaji nyuki wa Sikonge ana shida kama hiyo kwa utitiri wa varoa, ambaye upana wake ni milimita 1.5 hivi. Picha nzuri ya karibu ingemwezesha afisa ugani, au mtaalamu wa Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo Tabora, kutoa jibu bila kusafiri. Kamera za kubadilisha lenzi wapiga picha wa harusi na mahafali wanazo. Kinachokosekana ni lenzi ya makro, yaani ile iliyoundwa kwa kupiga vitu vidogo kwa karibu, na bei ya mpya huweza kulingana na ya kamera yenyewe ya mtumba.

Dawa ya bei hiyo ni lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono, zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera za filamu na sasa zinauzwa rahisi kwa sababu wengi wamezikimbia. Hazijilengi zenyewe, haziwasiliani na kamera, na baadhi zikifungwa kwenye kamera isiyo yake hushindwa kuona mbali. Hoja yangu ni kwamba upungufu huo karibu wote hauigusi kazi ya wadudu. Tuanze na kulenga. Picha ikipigwa kwa ukubwa halisi wa mdudu, kitundu cha lenzi kikiwa f/8, eneo linalotoka kali halifiki unene wa milimita moja kwenye kamera nyingi za kawaida. Katika unene huo mota ya kulenga huhangaika mbele na nyuma huku nyuki akiondoka. Hata wenye lenzi mpya huizima, wakasogeza mwili au kamera polepole mpaka jicho la mdudu liwe kali. Kwa hiyo anayelipia mota kwa kazi hii analipia kitu atakachokizima.

Suala la kuona mbali linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linalowatisha wanunuzi. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya mdomo unaoshika lenzi na sensa iliyo ndani. Kwa Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani ni milimita 46.5, kwa Canon EF ni 44, na kwa Sony zisizo na kioo hicho ni 18 tu. Lenzi za zamani za kufunga kwa skrubu, zijulikanazo kama M42, zilitengenezewa milimita 45.46. Ndiyo maana Canon hupokea lenzi hizo, na za Nikon pia, kwa adapta nyembamba ya chuma isiyo na kioo chochote ndani, na Sony hupokea karibu kila kitu. Mwenye Nikon ndiye huambiwa asijaribu M42. Lakini hesabu inasema nini? Adapta ya milimita moja huiweka lenzi mbele kupita kiasi kwa takriban milimita 2. Lenzi ya milimita 55 ikiwa hivyo haitaona vizuri kitu kilicho mbali zaidi ya mita 1.5 hivi. Kiwavi yuko sentimita 20 mbele yako. Adapta zenye kioo cha kusahihisha kasoro hiyo huharibu ukali wa picha ili kurudisha kitu ambacho hukihitaji, hivyo ziache.

Watu huuliza pia kama lenzi ya miaka ya 1970 inaweza kushindana na sensa ya leo. Lenzi ya makro ya Nikon, Micro-Nikkor ya milimita 55, ambayo ukoo wake umeendelea tangu miaka ya 1960, iliundwa kunakili maandishi na michoro, kazi isiyosamehe ukungu wala mistari iliyopinda, na bado ina ukali wa kutosha kabisa. Yenyewe hufikia nusu ya ukubwa halisi. Ukiongeza pete tupu ya milimita 27.5 kati yake na kamera, inafikia ukubwa kamili. Hesabu yake ni rahisi: gawa urefu wa pete kwa milimita za lenzi, upate ukubwa unaoongezeka. Hata lenzi ya kawaida ya milimita 50, ikiwekewa pete ya milimita 25, itatoa nusu ya ukubwa halisi, na pete hizo hazina kioo cha kugombania ubora.

Wengine watasema simu zimeshafanya haya yote. Kwa kiwavi aliyelala kwenye jani, simu inaweza kutosha. Lakini simu nyingi hutaka usogee hadi sentimita chache, kivuli chake kinamfunika mdudu, na nyuki wa Afrika hawavumilii kusogelewa hivyo. Lenzi ya milimita 90 kama ile ya Tamron iliyotoka mwaka 1979 hufikia nusu ya ukubwa huku sensa ikiwa karibu sentimita 39 kutoka kwa mdudu. Nafasi hiyo ina thamani mbele ya mzinga.

Kizuizi cha kweli ni mwanga. Lenzi ya mkono ikifungwa hadi f/8, kioo cha kutazamia huingia giza, na kadiri unavyosogea karibu ndivyo mwanga unavyopungua: kwenye ukubwa kamili, f/8 hufanya kazi kama f/16. Lenga kitundu kikiwa wazi, kisha kifunge, au tumia skrini ya nyuma. Flashi ya kawaida yenye karatasi nyeupe mbele yake humaliza sehemu kubwa ya shida. Kamera ndogo za Nikon hazipimi mwanga kwa lenzi hizi, hivyo piga, angalia skrini, rekebisha. Na lenzi za Nikon za kabla ya 1977 zisifungwe bila kumuuliza fundi, kwani pete yake ya kitundu inaweza kuvunja kipande kwenye mdomo wa kamera nyingi za baadaye. Dukani, washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya lenzi na utazame kwa mbele: nyuzi kama za buibui ni kuvu, hasa kwa lenzi iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu wa pwani, na hiyo irudishe kwa mwenyewe hata kama bei yake ni ya kutupa.