Ungo Wako Unatazama Wapi?

Kwenye maduka ya jirani na stendi ya Same, maboksi ya ving'amuzi yamepangwa bega kwa bega: Azam, DStv, StarTimes. Karibu yote yameandikwa HD kwa herufi kubwa, na swali la mteja ni lile lile: "Kipi kizuri?" Muuzaji naye hutaja kile alichonacho kwa wingi. Ukweli ni kwamba vifaa vyenyewe havipishani sana. Vyote vinapokea mawimbi, vinaikunjua picha iliyobanwa, vinahakiki kama umelipa, basi. Kinachopishana ni satelaiti ambayo kila kimoja kinaisikiliza, mechi ambazo kampuni imezinunua, na namna utakavyokuwa unalipia. Kwa mtu wa Same kuna jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni nyumba yako imekaa upande gani wa mlima.

Tuanze na kile cha bei nafuu, king'amuzi cha antena, kwa sababu watu wengi wakishawishika na bei yake hugundua tatizo wakishafika nyumbani. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Moshi na Arusha ikafika 31 Machi 2013. Tangu hapo antena inanasa mawimbi ya dijitali kutoka mnara wa ardhini, na mawimbi hayo yanataka njia nyeupe kati ya mnara na antena. Tambarare ya barabara kuu, Makanya hadi Hedaru, haina shida hiyo kama mnara haupo mbali. Panda Suji, ingia Chome, au vuka mgongo wa mlima ushukie Mbaga na Gonja, hapo mambo ni mengine: mwamba umekaa katikati, na kilele cha Shengena kina mita 2,462. Fundi atakwambia muongeze bomba. Bomba la mita sita si lolote mbele ya mlima. Na usidanganyike na jirani anayepata picha safi. Mkiwa mmetenganishwa na kijilima kidogo tu, yeye anauona mnara na wewe huuoni.

Ungo hauna habari na mnara wa ardhini. Unaongea na satelaiti iliyo juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, na satelaiti hiyo inazunguka sambamba na dunia kiasi kwamba kwetu huonekana imesimama. Same ipo takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta, kwa hiyo mawimbi yanatujia kutoka juu sana, yakipita vichwa vya milima kama kipanga. Ndiyo maana Upareni ungo unashinda antena hata pale ambapo mjini watu wangeona antena inatosha.

Ila "juu" ya DStv na "juu" ya Azam si mahali pamoja, na hapa ndipo mafundi wengi wanaoletwa kutoka mbali hukosea.

DStv inatumia satelaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 36 mashariki. Same iko karibu nyuzi 38 mashariki. Maana yake satelaiti hiyo iko karibu kabisa na utosi wetu: kwa hesabu, mwinuko wa nyuzi kama 85, ukiegemea kaskazini kidogo na magharibi kidogo. Ukiutazama ungo wenyewe hutaamini, kwa sababu ungo mdogo wa kawaida umekatwa kwa namna ambayo uso wake huonekana umeinama zaidi ya upande unakopokelea mawimbi. Utadhani unatazama mgrevilea wa jirani, kumbe unatazama mbinguni. Mgrevilea huo uliosimama mbele hauna kosa. Adui wa ungo wa DStv hapa kwetu ni upenu. Fundi akiufunga ukutani, chini ya ukingo wa bati, atahangaika mpaka jioni na kukwambia LNB, kile kipokezi kinachokaa mbele ya ungo, ni mbovu, wakati bati ndilo limefunika njia. Ufungwe juu ya paa, au kwenye bomba uwanjani, mbali na ukuta.

Azam ni kinyume. Satelaiti yake ipo nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ungo unatazama magharibi, ukipinda kidogo tu kaskazini, kwa mwinuko wa nyuzi kama 54. Mlima wenyewe haukuzibii, labda uwe umejenga chini ya genge. Miti ndiyo inayoziba. Kanuni ya kukumbuka: mti uliouzidi ungo kwa urefu wa mita 10 uwe angalau mita 8 kutoka ulipo ungo, kama umesimama upande wa magharibi. Na usipime mti wa leo. Mparachichi uliopandwa mwaka jana utafika urefu huo, na siku hiyo wewe utaanza kulalamika kuwa king'amuzi kimechoka.

Wako wanaotumia programu za simu kutafuta mwelekeo, na si vibaya. Lakini Mungu ametupa kipimo cha bure mara mbili kwa mwaka. Karibu na tarehe 22 Machi na tena karibu na 21 Septemba, mnamo saa tisa alasiri, jua linapita pale pale ilipo satelaiti ya Azam ukitazama kutoka Same. Mwezi Septemba huwahi kwa kama robo saa. Simama unapotaka kuuweka ungo. Ukipigwa na jua usoni, mawimbi nayo yatafika. Ukiwa kivulini, sogea. Kwa DStv ni mchana, kati ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo. Siku hizo hizo usishangae picha ikipotea kwa dakika chache na kurudi yenyewe: jua likiwa nyuma ya satelaiti, kelele zake zinameza mawimbi. Usiite fundi. StarTimes ya ungo nayo ina satelaiti yake, tofauti na hizi mbili. Mwambie fundi akuoneshe kwa kidole anakoelekea kabla hajatoboa ukuta.

Kuhusu mvua. Ving'amuzi hivi vya ungo mdogo vinatumia masafa ya juu, kuanzia kama gigahezi 10.7 hadi 12.75, na matone makubwa ya mvua yanayanyonya mawimbi hayo. Ukungu unaofunika Vudee asubuhi hauna madhara ya maana, kwa sababu vitone vyake ni vidogo mno. Mvua nzito ya masika ndiyo inayokata. Mjini Same, ambako mvua ni ya kubahatisha, ungo wa sentimita 60 unaweza kukutosha mwaka mzima. Upande wa milimani unakonyesha kweli kweli, ongeza fedha uchukue wa sentimita 90. Eneo lake ni mara mbili na robo ya ule wa 60, na akiba hiyo ndiyo inayobeba picha wakati wengine wameganda. Hakuna chapa ya king'amuzi itakayofidia ungo mdogo. Yale madishi makubwa unayoyaona kwenye gesti za zamani yalikuwa ya masafa ya chini yasiyojali mvua, ila leo kuyalisha kwa vipindi unavyovitaka ni kazi.

Sasa hiyo HD yenyewe. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa 576. HD kamili ina 1,920 kwa 1,080, yaani nukta karibu mara tano. Ni tofauti kubwa, lakini haifiki kwenye jicho lako mpaka milango mitatu iwe wazi. Mlango wa kwanza ni chaneli yenyewe: king'amuzi cha HD hakigeuzi chaneli ya kawaida kuwa HD, na chaneli nyingi za vifurushi vya chini bado ni za kawaida. Wa pili ni waya. Nimeingia nyumba nyingi, zenye televisheni mpya na king'amuzi kipya, nikakuta zimeunganishwa kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano haupitishi HD, haujawahi kupitisha. Tafuta waya wa HDMI, mpana na bapa kichwani, unganisha, kisha chagua HDMI kwenye rimoti ya TV. Wa tatu ni kioo. Kwenye TV ya chogo, HD ni maandishi tu kwenye boksi. Hata bapa za inchi 32, nyingi zina nukta 1,366 kwa 768, na ukikaa mita tatu kutoka kwenye TV ya ukubwa huo, macho ya kawaida hayatapata raha unayoilipia. Mwenye inchi 32 asiuze mbuzi kwa ajili ya HD. Mwenye inchi 55 ana haki ya kudai.

Tukishamaliza mlima, ungo na waya, ndipo jina la kampuni linapoanza kuwa na maana, na kwa nyumba nyingi uamuzi ni mpira. Mei 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kuonesha Ligi Kuu ya Bara. Kama nyumbani kwako ni Simba na Yanga, huna pa kwenda kwingine. Kama ni Arsenal na Manchester United, Ligi Kuu ya England iko DStv kupitia SuperSport, na kifurushi kinachokupa mechi nyingi hakiko chini. Ndiyo sababu kibanda umiza kingali hai kila kijiji, ingawa kifurushi cha nyumbani hakikuruhusu kuwatoza watu kiingilio, na wenye vibanda wanalijua hilo vizuri. StarTimes wamejikita zaidi kwenye bei: unaweza kulipa ya siku au ya wiki, si lazima mwezi.

Usichukulie orodha ya chaneli kama ahadi ya kudumu. Agosti 2018, baada ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kusema leseni za baadhi ya kampuni haziruhusu kubeba chaneli za bure za ndani, ITV, Clouds, Channel Ten na nyingine zilitoweka kwenye Azam na DStv. Zilirudi baadaye, lakini waliokuwa wamelipia kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa mbili walibaki wakitazama kioo. Wenye kampuni nao hubadilika: Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilichukua rasmi MultiChoice, mmiliki wa DStv. Na king'amuzi cha kampuni moja hakifungui cha mwenzake. Ukihama, unanunua upya, na mara nyingi ungo unageuzwa.

Hapo ndipo suala la mtumba linapoingia. King'amuzi kilichotumika kinaweza kuwa kizima kabisa na kisikufae, kwa sababu namba yake imesajiliwa kwa jina la aliyekiuza, au ni toleo la zamani lisilosoma ubanaji wa picha unaotumika sasa. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, piga huduma kwa wateja ukiwa bado dukani, muhamishe jina, ndipo utoe fedha. Dai risiti yenye namba ya kifaa. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kwa king'amuzi cha mtumba tabia hiyo ni sifa.

Malipo yaangalie kwa kalenda yako. Mshahara wa kila mwezi unaendana na kifurushi cha mwezi. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anashika fedha kwa msimu, kwa hiyo kinachomfaa ni huduma inayomruhusu kulipa kidogo kidogo akiwa nazo na kusimama asipokuwa nazo bila kuanza upya. Kabla hujanunua, uliza unabakiwa na chaneli gani muda ukiisha. Swali hilo muuzaji hulipita haraka, nawe lirudie.

Umeme nao. Anayetumia sola asome kibandiko cha adapta. Ving'amuzi vingi vya kawaida vimeandikwa volti 12 na ampea 1.5, ambazo ukizizidisha ni wati 18 kwa kiwango cha juu. Volti 12 ni habari njema: fundi mwenye akili anaweza kukilisha kutoka mfumo wa betri bila inveta. Vile vya kurekodi vina diski ndani na vinakula zaidi. Milimani, radi ikianza, chomoa waya wa umeme na kebo ya ungo pia. Watu huchomoa umeme tu wakasahau kwamba bomba la chuma juu ya paa limeunganishwa moja kwa moja na king'amuzi.

Picha ikipotea, soma maandishi kabla ya kulaumu chapa. Kwa DStv, E16 ni habari ya malipo, na E48 ni habari ya mawimbi: ungo, LNB au kebo. Mara nyingi ni kebo, na mara nyingi zaidi ni ile sehemu ya nje inapoungana na LNB. Maji yakishaingia hapo, nyuzi za shaba zinageuka kijani. Mwambie fundi aache kitanzi kidogo cha kebo kikining'inia chini ya LNB ili maji yadondokee hapo, afunge kiungo kwa utepe wa mpira, na asiunge kebo mbili katikati kwa kusokota. Akikataa kwa sababu umbali hautoshi, nunua kebo ndefu zaidi. Ni bei ndogo kuliko safari yake ya pili kutoka Same mjini hadi Bwambo.