Chini ya mawe ya Jambiani kuna mali ya watu

Bahari ya Jambiani ikipwa, mchanga hufunguka karibu mpaka kwenye mwamba wa nje unaovunja mawimbi, na hapo ndipo mawe yanapoonekana. Hayakutapakaa ovyo. Yamepangwa mafungu mafungu, mengine madogo, mengine mapana kama kitanda, na baadhi yamechomekewa vijiti pembeni vilivyokwisha kuliwa na chumvi. Mgeni anayepita juu ya kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, hudhani ni bahari iliyoyakusanya. Kijana anayeuongoza msafara hadhani hivyo. Huyaona tangu mbali, hupunguza mwendo, hunyoosha mkono wa kushoto, na safu nzima ya wageni humfuata kuzunguka kwa mbali kabla ya kurudi kwenye njia.

Mchepuko ule hauelezwi katika karatasi ya safari. Karatasi inataja vijiji, mapango, ufukwe na chakula cha mchana. Alipoulizwa anakwepa nini, kiongozi huyo alizima injini na kuanza kuonyesha kwa kidole.

"Hili la shangazi yangu. Lile la mke wa mwalimu. Lile kule mwenyewe ameshafariki, sasa anafukia bintiye."

Kilichofukiwa ni makumbi. Nazi ikishafuliwa, kumbi lake halitupwi katika vijiji vya pwani ya kusini mashariki mwa Unguja. Wanawake huyakusanya, wengine huyanunua kwa magunia kutoka sehemu za kisiwa zenye minazi mingi, na maji yanapotoka huchimba shimo kwenye mchanga unaofunikwa na bahari mara mbili kwa siku. Makumbi hupangwa humo, hufunikwa kwa makuti na mchanga, kisha juu yake hubebeshwa mawe mazito ili mawimbi yasiyafumue. Halafu ni kusubiri. Miezi mitatu ni michache. Wengi huyaacha mpaka sita, na wapo wanaoyaacha zaidi.

Kazi inayofanyika chini ya mawe hayo haionekani. Maji ya chumvi huingia na kutoka, hewa haifiki, na ile nyama laini inayoshikilia nyuzi za kumbi huoza polepole. Nyuzi zenyewe haziozi upesi, kwa sababu zina ukakamavu wa mti. Shimo likifunguliwa kabla ya wakati, kumbi huwa bado gumu na mtu hupiga mpaka mikono ikafa ganzi. Likifunguliwa kwa wakati wake, harufu husikika kabla hujafika. Makumbi hutoka meusi, mazito, yakichuruzika maji ya rangi ya kahawa.

Hapo hapo ufukweni huanza kupigwa. Mwanamke hukaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe bapa mbele yake, gongo zito mkononi. Hupiga, hugeuza, hupiga tena, mpaka ungaunga wote umetoka. Kisha husuuza kwa maji ya bahari na kuanika juani. Kinachobaki ni usumba, rundo la nyuzi za rangi ya dhahabu ambalo mtu ambaye hakuliona likifukuliwa hawezi kuamini lilikotoka. Jioni, barazani, usumba huo husokotwa: vifungu viwili vya nyuzi, kiganja kimoja kinasugua juu ya paja, kingine kinavuta, ncha inaunganishwa na ncha nyingine bila fundo. Mazungumzo hayakatiki. Mikono inajua kazi yake.

Kamba hiyo haipo kwa ajili ya mapambo. Ndiyo inayofunga makuti na maboriti ya paa, na mahoteli ya pwani hii, yaliyoezekwa makuti ili yafanane na mahali yalipo, yameitumia kwa wingi. Wengi wa wageni wanaopanda kwadi asubuhi wameamka chini ya paa lililofungwa kwa kamba za ufukwe wanaoukanyaga.

Kazi yenyewe ina umri mkubwa katika bahari hii. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea, unataja vyombo vya kushonwa katika kisiwa cha Menouthias, ambacho wataalamu bado wanabishania kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Mitepe ya Waswahili, iliyosafiri kati ya Lamu na Unguja mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa na msumari hata mmoja kwenye mbao zake. Ilishonwa kwa kamba za nazi.

Kiongozi anayajua haya yote, ila si kwa sababu ya vitabu. Alizaliwa Makunduchi, akalelewa kwa shangazi yake Jambiani, na kabla ya kwenda skuli alikuwa akibeba makumbi yaliyofukuliwa kutoka majini hadi nchi kavu. Sare zake, daftari zake na nauli yake ya kwenda mjini vilitokana na kamba. Kiitaliano alijifunza ufukweni kwa kuzungumza na wageni, Kiingereza akakiongezea darasani, na udereva wa kwadi akaupata kwa kuanza kuziosha. Leo yeye ndiye hutangulia, na ndiye huamua msafara upite wapi.

Safari ni ya siku moja na haina mengi ya kuelezwa kwa msomaji anayeijua Zanzibar. Huuzwa katika hoteli za Paje na Jambiani sambamba na pomboo wa Kizimkazi na kima punju wa Jozani, katika kisiwa ambacho pamoja na Pemba kilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023. Wageni huvishwa kofia ngumu, miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, hufundishwa breki na mafuta, kisha msafara huiacha lami na kuingia maweni.

Maweni yanastahili zaidi ya vumbi wanalolipiga picha. Ni nchi ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, yenye mawe makali yanayokata viatu, na udongo unapatikana kwa vikapu tu, kwenye mashimo na nyufa. Humo humo watu wanalima. Mpapai umesimama katika shimo lake, mbaazi katika lake, muhogo pale udongo uliporefuka kidogo. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji huzuia nguruwe mwitu. Kiongozi husimamisha msafara kwenye shamba moja na kuwaomba wageni wazime injini na watafute udongo kwa macho. Huchukua muda kabla hawajauona.

Katika ukanda huo huo ndipo lilipo pango la Kuumbi, ambamo wachimbuaji wa mambo ya kale walipata mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiopo Unguja leo. Walifika kwa miguu, zama ambazo kisiwa kilikuwa kimeungana na bara, kabla bahari haijapanda mwishoni mwa enzi ya barafu. Kutoka hapo njia huelekea Mtende, kusini kabisa, kisha Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wageni hufunika mabega na magoti, huvua viatu, na huingia kwa idhini ya mtunzaji.

Njiani kiongozi ana masharti yake, na hayabishaniwi. Adhana ikisikika, injini huzimwa. Kijijini mwendo ni wa mtu anayetembea. Peremende hazigawiwi, kwa kuwa watoto wakizoea kupewa watakimbilia magurudumu. Mzee akiwa barazani, msafara husimama na kiongozi huteremka kumwamkia, hata kama wageni wana haraka. Haya hayakuandikwa popote. Anayashika kwa sababu hawezi kupita mbele ya wazee wa Makunduchi bila salamu, halafu jioni arudi kulala kati yao.

Mambo huwa magumu zaidi msafara unaporudi pwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka kabisa asubuhi, karibu saa nne au saa tano, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Mchanga huwa mpana, mgumu na umelowa, mahali pazuri pa kukimbiza kwadi. Saa hizo hizo wanawake huwa wameshuka: wengine kwa makumbi, wengine kwa pweza, wengine mbele zaidi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara hapa mwaka 1989 na ambacho sasa kinahangaishwa na maji yenye joto, hasa kwa aina ya kotonii yenye bei nzuri. Wote wanagombea saa chache, na bahari haiongezi muda.

Kiongozi anasema aliwahi kuona kilichotokea pale msafara wa kampuni nyingine ulipokata moja kwa moja juu ya mafungu ya mawe. Magurudumu yalitawanya mawe na kuchana makuti yaliyofunika. Maji yalipojaa jioni, makumbi yalielea. Kulipokucha yalikuwa yametapakaa ufukweni, mabichi na yaliyoiva, ya huyu na ya yule, na wenyewe wakawa wanaokota bila kujua lipi la nani. Dereva alikuwa mgeni katika kijiji. Hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Je, nani alipaswa kumwambia? Mwenye kampuni? Sheha? Hoteli iliyouza tiketi? Kiongozi hakuwa na jibu. Anachojua ni kwamba hakuna alama ufukweni, hakuna ramani inayoonyesha mashimo, na mashimo yenyewe huhama kila mwaka kadiri mchanga unavyohama. Ujuzi wote umo kichwani mwake na mwa vijana wachache waliozaliwa hapa. Akiugua, msafara utaongozwa na mwingine.

Na fidia? Kumbi lililochukuliwa na maji ni miezi ya kusubiri, na thamani ya miezi hiyo hakuna aliyewahi kukaa kuihesabu. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi, na hakuna mwenye hati ya kipande cha mchanga kinachofunikwa na bahari. Lakini kila mwanamke anajua shimo lake linaanzia wapi na linaishia wapi, na jirani yake anajua vilevile. Haki ya namna hiyo inaheshimiwa na wanakijiji wote bila karatasi. Je, magurudumu yataiheshimu?

Msafara ulipofika kwa shangazi yake, kiongozi aliteremka na kuinama kidogo.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuletea wageni."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Kisha, bila kuacha kupiga kumbi: "Waambie picha siwakatazi. Lakini picha hazinunui sukari."

Kiongozi aliwatafsiria wageni yote, bila kupunguza. Mmoja alinunua kamba, wengine wakatabasamu na kupanda kwadi zao. Hapa ndipo mtu anaposhindwa kukubali kwamba mambo yaendelee yalivyo. Mgeni amelipa hoteli, hoteli imelipa kampuni, kampuni imemlipa dereva na mafuta. Mwanamke ambaye kazi yake ndiyo iliyowafanya wote wasimame na kutoa kamera hana fungu lake katika hesabu hiyo, isipokuwa mtu akiguswa na huruma. Kiongozi ameanza kuwaomba wageni wake watoe kitu kwa kila kituo, akaona aibu, akaacha, akaanza tena. Anasema si kazi yake kuchanga. Ni bei ya safari iliyotakiwa kuwa na sehemu ya kijiji tangu mwanzo. Ana haki.

Zipo hoja za upande wa pili. Safari hizi zimewapa vijana wa Jambiani, Makunduchi na Mtende kazi nyumbani, badala ya kuhamia mjini. Mafundi wa kwadi, wapishi wa chakula cha mchana na walinzi wa mapango wote wanaishi kwazo. Hata shangazi hasemi zifutwe. Anasema zipite juu.

Kupita juu maana yake ni kupita nyuma ya mstari wa maji kujaa, kwenye njia ya zamani ya kijiji au maweni, na kuuachia mchanga wa kupwa watu wanaoufanyia kazi. Wageni watakaotaka kuona makumbi washuke kwa miguu, wakiongozwa na mwenye shimo mwenyewe, na walipe kwa kuonyeshwa kama wanavyolipa kuonyeshwa kima punju. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji Kamisheni ya Utalii Zanzibar, masheha wa shehia za pwani na wenye kampuni wakae na kuchora njia kabla misafara haijaongezeka, na wawepo wanawake wa makumbi na wa mwani katika kikao hicho, si wanaume peke yao. Wanajulikana kwa majina, na asubuhi ya bamvua wengi wao wako ufukweni. Waulizwe wao kwanza.