Kete ya Kumi na Saba

Novemba 26, 2018, jijini London, Magnus Carlsen alikuwa amekaa pazuri. Ulikuwa mchezo wa 12, wa mwisho, katika kutetea ubingwa wake wa dunia wa sataranji dhidi ya Mmarekani Fabiano Caruana. Kete zake nyeusi zilikuwa zimejipanga vizuri kuliko nyeupe, na dakika zilizobaki kwenye saa yake zilikuwa nyingi zaidi. Baada ya hatua ya 31, akaomba sare. Michezo 11 ya nyuma nayo ilikuwa imekwisha sare. Bingwa wa zamani Garry Kasparov akasema hadharani kwamba kijana anaelekea kupoteza ujasiri.

Siku mbili baadaye wakakaa tena kuvunja sare kwa michezo ya haraka, kila mmoja na dakika 25 tu. Carlsen akashinda michezo mitatu mfululizo.

Hesabu yake ya kungoja michezo ya haraka ilikuwa sahihi. Mechi za ubingwa zilizochezwa kuanzia 2016 hadi 2024 ni tano, na tatu ziliamuliwa kwa sataranji ya haraka: ya New York, ya London, na ile ya Astana mwaka 2023 ambapo Ding Liren alitwaa taji. Bado tunauita mchezo wa saa nyingi ndio sataranji yenyewe, lakini mara nyingi taji limekuwa likitoka kwingine.

Chanzo ni kompyuta. Mchezaji mkubwa leo hufika mezani akiwa amekariri hatua 20 zilizokaguliwa na programu isiyochoka, na mwenzake naye vivyo hivyo. Ukimpa kila mmoja saa mbili, makosa yanakuwa haba na sare zinajaa. Ukimpa dakika kumi, akili italazimika kufanya kazi palepale mbele ya watu. Wacheza drafti wa vijiweni hawahitaji kuelezwa hili; kwao saa ni midomo ya watazamaji.

Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la dunia, mchezo wa haraka ni wa zaidi ya dakika 10 lakini chini ya 60. Kuanzia dakika 10 kushuka ni blitzi. Mtandaoni wapo wanaocheza kwa dakika moja. Ila usitazame dakika pekee, uliza kama kuna nyongeza. Bingwa wa zamani wa dunia Bobby Fischer ndiye aliyebuni saa inayomrudishia mchezaji sekunde kadhaa kila anapohamisha kete, ili mwenye ushindi mkononi asiupoteze kwa uzito wa vidole. Ondoa nyongeza hiyo na saa inageuka kete ya kumi na saba: unaweza kuwa umezidiwa ubaoni, ukamkimbiza mwenzako mpaka muda umwishie.

Mtandao umeongeza ujuzi ambao mbao haziujui. Unaweza kuagiza jibu kabla mpinzani hajacheza. Ukimkisia sawasawa, hatua yako haili muda wowote wa maana. Ukikosea, umemtoa malkia wako sadaka. Halafu kuna umeme na intaneti. Katika fainali ya Olimpiadi ya mtandaoni ya Agosti 2020, hitilafu ya intaneti iliyovuka mipaka ya nchi iliwatoa mchezoni wachezaji wawili wa India, na muda wao ukaisha. India ikakata rufaa, na FIDE ikaigawa dhahabu kati ya India na Urusi. Hakuna kanuni ya ubaoni iliyowahi kuwaza jambo la aina hiyo.

Tatizo gumu zaidi ni udanganyifu. Programu ya simu sasa inamshinda bingwa yeyote, na kamera ya chumbani haioni kila kitu. Ndiyo maana Riyadh, mwaka 2025, Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki lilipoingiza sataranji kwa mara ya kwanza, dakika 10 bila nyongeza, wachezaji walipanda ndege, wakakaa jukwaani, na kila mmoja akatazama kompyuta yake. Carlsen akashinda tena.