KIMO CHA TELA: MITA 4 ZA SAFARI YA ULAYA

Makontena mengi ya mitumba na mashine yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametoka Ulaya. Kabla ya kupakiwa melini, kontena hubebwa barabarani na lori lenye tela. Huenda lori hilo limevuka mipaka ya nchi mbili au tatu. Leo tujifunze jambo moja la safari hizo, nalo ni kimo cha tela. Dereva asiyejua kimo cha gari lake anaweza kuua watu.

KIPIMO CHA WOTE

Umoja wa Ulaya ni muungano wa nchi 27. Mwaka 1996 Umoja huo ulitoa sheria ya vipimo vya magari makubwa yanayosafiri toka nchi moja kwenda nyingine. Kimo kilichowekwa ni mita 4. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kimo cha mtu mzima.

Kimo hupimwa toka ardhini mpaka mahali pa juu kabisa. Hakipimwi toka sakafu ya tela. Mzigo ukichomoza juu, basi kimo ni cha mzigo.

Kwa nini mita 4? Kwa sababu barabara zina madaraja yanayopita juu yake, tena zina mahandaki. Kila nchi ilijenga ya kwake kwa wakati wake. Lori linalotoka mbali haliwezi kuomba daraja liinuliwe. Kwa hiyo nchi zilikubaliana kipimo kimoja. Lori lisilozidi kipimo hicho halirudishwi mpakani kwa sababu ya kimo. Hata hivyo, likikuta daraja lenye alama ya kimo kidogo zaidi, ni lazima litafute njia nyingine.

NYUMBANI NI KWINGINE, SAFARINI NI KWINGINE

Nchi inaweza kuruhusu kimo kikubwa zaidi ndani ya mipaka yake. Ujerumani imebaki na mita 4. Ufini inaruhusu mita 4 na sentimita 40. Ayalandi inaruhusu mita 4 na sentimita 65.

Uingereza, ambayo ilijitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, haina kimo kimoja cha kisheria kwa malori yote. Huko, daraja lenye nafasi ya chini ya futi 16 na inchi 6, yaani kama mita 5, huwekewa alama. Kwa sababu hiyo Waingereza wengi hutumia matela marefu ya ghorofa mbili, yanayopita mita 4.

Sasa fikiria mfanyabiashara wa Ayalandi mwenye tela la mita 4 na nusu. Nyumbani kwake hana kosa. Lakini akilipeleka Ujerumani bila kibali, amevunja sheria. Polisi watamsimamisha, na mzigo utakaa njiani. Msafiri hufuata kipimo cha huko aendako.

TUFANYE HESABU

Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2 na sentimita 59. Kontena refu lina mita 2 na sentimita 90. Chukua tela ambalo sakafu yake iko mita 1 na sentimita 25 toka ardhini.

Kontena la kawaida: 2.59 + 1.25 = mita 3.84. Linapita.

Kontena refu: 2.90 + 1.25 = mita 4.15. Limezidi kwa sentimita 15.

Sentimita 15 ni kama urefu wa kiganja na vidole. Hata hivyo zinatosha kuharibu safari nzima. Kontena refu linahitaji tela lenye sakafu isiyozidi mita 1 na sentimita 10. Ndiyo maana yako matela yaliyotengenezwa kwa kusudi hilo, nayo hukaa chini zaidi.

Tena kuna jambo linalowadanganya wengi. Lori lenye mzigo mzito hukandamiza springi zake, likashuka kidogo. Likishusha mzigo, springi huinuka. Kumbe lori tupu linaweza kuwa refu kuliko lilivyokuwa limejaa! Daraja lililopitika wakati wa kwenda linaweza kugongwa wakati wa kurudi.

MADHARA YAKE

Tarehe 27 Agosti 2016, lori lilikuwa limebeba mtambo wa kuchimbua udongo katika barabara ya M20, jimbo la Kent, Uingereza. Hiyo ndiyo barabara kubwa ya malori yanayokwenda Ufaransa. Mtambo uligonga daraja la waendao kwa miguu. Sehemu ya daraja ikaanguka barabarani. Mwendesha pikipiki mmoja aliumia, lakini alinusurika. Barabara ilifungwa, na watu wengi sana wakakwama.

Si ajali hiyo tu. Madaraja ya reli ya Uingereza hugongwa na magari marefu zaidi ya mara 1,000 kila mwaka. Daraja la reli likigongwa, treni husimamishwa au hupunguza mwendo mpaka daraja likaguliwe. Abiria ambao hawajaliona hata lori lenyewe hucheleweshwa kwa kosa la mtu mmoja.

KUPIMA, KUANDIKA, KUSOMA

Dereva mwangalifu hufanya mambo manne:

1. Hupima kimo baada ya kupakia, na tena baada ya kushusha.
2. Huandika kimo hicho mahali anapokiona akiwa kwenye usukani. Uingereza, gari linalozidi mita 3 kwa kawaida hutakiwa na sheria liwe na maandishi hayo.
3. Huchagua njia kabla ya kuondoka, akijua madaraja yaliyoko.
4. Husoma alama ya kila daraja, na huangalia kama ni futi au mita. Alama za Uingereza zina futi na inchi, ingawa nyingi sasa zina mita pia. Ujerumani na Ufaransa hutumia mita.

Ndugu msomaji, dereva anaweza kuwa hodari wa usukani kwa miaka 20, lakini daraja halijui uhodari wake. Kinachomwokoa ni namba mbili: ya gari lake na ya daraja. Azisome zote mbili, na aone ipi kubwa, kabla hajafika chini ya daraja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini lori tupu linaweza kugonga daraja ambalo lilipita likiwa na mzigo?
2. Sakafu ya tela iko mita 1 na sentimita 5 toka ardhini. Je, likibeba kontena refu litapita Ujerumani? Onyesha hesabu yako.