Ziwa Tanganyika: Meli ya vita yenye iliitwa «Mimi», na majina ingine yenye wenyewe walijutia

Mwishoni mwa Desemba 1915, mashua mbili ndogo za vita ziliingizwa katika ziwa Tanganyika ku Lukuga, pale penye leo tunaita Kalemie. Moja iliitwa Mimi, ingine iliitwa Toutou. Kwa mutu mwenye anasema Kiswahili, jina la kwanza linachekesha mara moja. Ni nani alishambulia Wajerumani? Mimi. Ni nani anakosa mafuta? Mimi tena.

Mwenye kutoa jina hakufikiria Kiswahili hata kidogo. Komanda Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza, aliomba kwanza zile mashua ziitwe Paka na Imbwa. Wakubwa wa jeshi la majini ku London walikataa. Meli ya mufalme haiwezi kubeba jina la namna hiyo. Akarudia na majina mawili yenye sauti ya Kifaransa, Mimi na Toutou, na safari hii wakakubali. Kumbe ni mambo yaleyale: katika kinywa cha watoto wa Ufaransa, mimi ni paka na toutou ni imbwa. Mutu alikataliwa mulangoni, akapita ku dirisha.

Safari ya hizo mashua haikukuwa mchezo. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume katika Katanga, kiisha zikavutwa katika pori na juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za moto na ngombe. Kazi kubwa ya kufungua njia, kujenga madaraja na kubeba ilifanywa na watu weusi wa kule kule, na vitabu vingi vyenye vinasifu ule musafara havikuandika majina yao. Imbwa na paka wa Spicer-Simson wanajulikana mpaka leo. Kutoka Bukama walishuka muto Lualaba mpaka Kabalo, na huko wakapanda treni ingine mpaka Lukuga.

Tarehe 26 Desemba 1915, zile mashua mbili zilikamata meli ya Wajerumani yenye iliitwa Kingani. Kamanda wake aliuawa palepale pamoja na wenzake wamoja. Waingereza waliitengeneza na kuipatia jina lipya. Wengine wangechagua jina la ushindi. Spicer-Simson alichagua Fifi, jina la kubembeleza lenye linafaa imbwa mudogo wa mama tajiri. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi zilifuata meli ingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, na mizinga ya Fifi ikaizamisha.

Hedwig alikuwa nani? Muke wa Hermann von Wissmann, mwenye alikuwa gavana wa koloni ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Bwana alikuwa na meli yake katika ziwa Nyasa, bibi yake katika Tanganyika. Zote mbili zilishindwa na Waingereza katika vita ileile. Kupatia meli jina la muke wa mukubwa ni jambo la kupendeza siku ya sherehe. Siku ya vita, ripoti inapaswa kuandika kama bibi wa gavana amepigwa na Fifi na amezama.

Wabelgiji nao hawakukosa. Meli yao Alexandre Delcommune, yenye ilibeba jina la mupelelezi wa Katanga, ilipigwa na Wajerumani ku Lukuga mwezi wa Agosti 1914. Wakaitengeneza na kuibatiza upya Vengeur, ni kusema Mulipiza-kisasi. Jina kali sana. Lakini wenye walilipiza kisasi ni Paka na Fifi.

Jina lenye lilibadilishwa kwa faida zaidi ni la meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, yenye ilijengwa ku Papenburg, ikapelekwa Kigoma kwa vipande na kuungwa huko. Götzen alifika ku ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo katika mwaka wa 1894, kiisha akakuwa gavana wakati vita ya Maji Maji ilizimwa kwa damu nyingi. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha kusudi adui asiipate, lakini walipakaa kwanza mashini zake mafuta. Waingereza waliitoa ku maji, na mwaka 1927 ikaanza kutembea tena na jina la Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa lenye Livingstone aliandika. Mwaka 1997, hiyo Liemba ilirudisha Wakongomani maelfu na maelfu wenye walikuwa wamekimbilia Tanzania. Familia nyingi za Kalemie na Uvira zinakumbuka hilo jina. La Götzen, hapana.

Kwa majuto ya moyo, hakuna mwenye anamupita Henry Morton Stanley. Mashua yake, yenye ilikuwa inafunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi, aliipatia jina la muchumba wake wa Marekani: Lady Alice. Ilimuzungusha katika ziwa Tanganyika, ilimushusha Lualaba kutoka Maniema, ikapita maporomoko na vita. Miaka yote hiyo Stanley alikuwa anaita lile jina. Alice naye aliolewa na mwanaume mwingine mapema katika mwaka wa 1876, na Stanley alikuwa angali porini. Mashua iliachwa karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877.

Na ni Stanley huyohuyo mwenye, mwaka 1887, alilazimisha wamisionere Wabatisti wamuazime meli yao kusudi ibebe askari na silaha zake. Ile meli iliitwa Peace: Amani.

Mwaka ulifika Wakongomani wenyewe wakachagua majina. Mobutu alikuwa na meli yake ya fahari ku muto Kongo, na aliiita Kamanyola, kwa kukumbuka vita yenye jeshi lilipigana mwaka 1964 pale karibu na Ruzizi. Wakati Laurent-Désiré Kabila alichukua mamlaka, meli ikaitwa Lemera. Majina yote mawili yametoka Kivu ya Kusini, na meli yenyewe haiwezi kufika huko hata siku moja. Kwa serikali mupya, Lemera ilikuwa fasi kwenye AFDL ilizaliwa kwa mapatano ya Oktoba 1996. Kwa watu wa Uvira na Bukavu, Lemera ni hospitali kwenye wagonjwa na wauguzi waliuawa mwezi uleule, siku ya 6. Kuandika jina hilo ku meli ya starehe, ilihitaji mutu mwenye kuwa mbali sana na kule.

Leo katika ziwa Kivu, wenye boti wengi wanachagua jina la mutoto wao ao neno la kushukuru Mungu. Merdi ni yote mawili: ni jina lenye wazazi wengi Kongo wanapatia watoto, kifupi cha «Merci Dieu». Tarehe 3 Oktoba haihitaji kukumbushwa ku Goma: mwaka 2024, MV Merdi ilitoka Minova na kupinduka mbele ya bandari ya Kituku, wakati watu wenye walikuwa wanaingojea walikuwa wanaiona kwa macho. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, na ziwa ndilo lilibakia njia. Boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watu makumi walikufa, na hesabu ya wenye walipanda ilibishaniwa siku nyingi, juu jina la boti lilikuwa limeandikwa, lakini hakuna orodha ya kweli yenye majina ya wasafiri wote.