Mche Hupimwa kwa Mizizi Yake

Mche wa mizizi mitupu ni ule uliokua ardhini kwenye tuta la kitalu, ukang'olewa siku ya kupandwa, na kufika shambani mizizi ikiwa wazi, bila donge la udongo wala kifuko cha nailoni. Kangari, kwenye miteremko ya Aberdare katika Kaunti ya Murang'a, faida yake ya kwanza huonekana mgongoni. Mashamba mengi hapa huanzia barabarani na kuteremka hadi mtoni, na vijia vinavyopita katikati ya michai havina nafasi ya mkokoteni. Anayebeba miche ya vifuko hubeba udongo zaidi ya miti, ilhali mamia ya miche mitupu hutosha kwenye gunia moja lenye unyevu.

Mbinu hii si ngeni kwa wakulima wa chai. KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ilipoanzishwa mwaka 1964, chai waliyokuwa wakipanda ilitokana na mbegu. Mche ulikaa kitaluni miaka miwili au mitatu hadi ukanenepa, ukang'olewa, kisha shina likakatwa na kubaki sentimita 10 hivi juu ya ardhi, na mzizi mkuu ukapunguzwa hadi futi moja na nusu. Kilichopandwa kilikuwa kisiki kisicho na jani hata moja, nacho kilichipua. Baadaye vipandikizi vilivyokuzwa kwenye vifuko, kama vile aina ya 6/8, vilichukua nafasi hiyo. Lakini palipo na chai ya zamani ambayo majani ya kila mti yana umbo na rangi yake, hiyo ni chai ya mbegu, na mingi ya miti hiyo ilianza ikiwa visiki vya namna hiyo.

Si kila mti unaovumilia kung'olewa. Mkaratusi huchukia mizizi yake kuguswa, kwa hiyo hukuzwa kwenye kifuko. Tena haufai kando ya mito. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira na mwenyeji wa Murang'a, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Parachichi lililobebeshwa, mfano Hass, nalo hununuliwa likiwa na udongo wake, kwa kuwa kuhatarisha kiungo cha mche wa bei ghali ili kupunguza mzigo ni hasara. Mkima, yaani grevilea, huvumilia kiasi. Wakulima wengi huokota miche yake iliyojiotea chini ya mti mama na kuihamisha ingali midogo. Ndivyo inavyofanyika pia kwa miti ya kienyeji ya muringa na muiri. Mbegu ya muiri hupoteza uhai upesi ikikauka, hivyo mche wa kuokota mara nyingi ndio ulio karibu. Kwa ua, kaiyaba yenye miiba huoteshwa kwa wingi kwenye tuta moja na kung'olewa kwa mafungu. Miti ya matunda ya nchi za baridi, kama vile plamu, pichi na tufaha, huhamishwa vizuri mizizi ikiwa mitupu, mradi iwe imepukutisha majani na kulala.

Kichaka kinachostahili kuzungumziwa zaidi ni kaliandra. Asili yake ni Amerika ya Kati, na katika miaka ya 1990 watafiti wa mashirika ya utafiti wa kilimo na misitu ya ICRAF, KARI na KEFRI waliifanyia kazi pamoja na wakulima wa Embu, upande wa kusini mashariki wa Mlima Kenya. Mojawapo ya mambo waliyojifunza ni kwamba kaliandra haihitaji kifuko: ikioteshwa kwenye tuta lililoinuliwa na kuhamishwa mizizi mitupu, hushika vizuri, na gharama ya kujaza udongo kwenye vifuko huondoka. Majani yake ni chakula cha ng'ombe wa maziwa. Kilo 3 za majani mabichi hufanya karibu kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na vichaka 500 vilivyokomaa hutosha kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku. Vikipandwa nusu mita kutoka kimoja hadi kingine, 500 ni mstari wa mita 250, na mstari huo unaweza kukaa kwenye kingo za makinga maji bila kuinyang'anya chai nafasi. Udongo wa Kangari una asidi, na kaliandra huuvumilia. Lusina, inayotajwa mara nyingi kuwa mbadala wake, huukataa, na tangu mwaka 1992 imekuwa ikishambuliwa nchini Kenya na mdudu anayefyonza machipukizi.

Mti ukishaamuliwa, unabaki uchaguzi wa mche wenyewe, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa, kwa maana jicho hukimbilia urefu. Mche mrefu uliobanana na wenzake kitaluni ulikimbilia juu kutafuta mwanga. Shina lake ni jembamba, na majani yake ni mengi kuliko maji ambayo mizizi yake inaweza kuyavuta. Mahali pa kuanzia kutazama ni shingo ya mche, pale shina linapokutana na mzizi. Unene wa penseli, milimita 6 au 7, ni dalili njema kwa vichaka na miti mingi. Watu wa vitalu hutumia pia kipimo rahisi: urefu kwa sentimita ugawanywe kwa unene wa shingo kwa milimita, na jibu lisipite 6. Mche wa sentimita 30 wenye shingo ya milimita 6 hupata 5, nao ni imara. Wa sentimita 60 wenye shingo ya milimita 5 hupata 12. Huo wa pili ndio unaovutia sokoni, na ndio wa kuachwa.

Kisha mizizi yenyewe. Mzizi mkuu unatakiwa kushuka wima, na pembeni yake kuwe na mizizi mingi myembamba, kwa kuwa hiyo ndiyo inayonywa maji. Mwenye kitalu anayejua kazi yake hupitisha panga au waya chini ya tuta wiki kadhaa kabla ya kuuza, ili mzizi mkuu ukatike na mche ulazimike kuotesha mizizi ya pembeni karibu na shingo. Mche ambao haukufanyiwa hivyo hung'oka na mzizi mmoja kama mkia wa panya, na mizizi ile midogo hubaki kitaluni. Mzizi uliojikunja kama ndoano ni kasoro isiyopona. Mti wake waweza kukua miaka kadhaa kisha ukaangushwa na upepo. Ukucha ukiparua ganda la mzizi, ndani panafaa kuwa peupe na pabichi. Rangi ya kahawia na utelezi ni dalili za kuoza. Kwa kaliandra kuna kipimo cha ziada: vinundu kwenye mizizi. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu au cha waridi, bakteria wanaoshika naitrojeni wako kazini.

Jambo lisiloonekana kwa macho ni jinsi mche ulivyozoeshwa. Ule uliomwagiliwa kila siku chini ya kivuli hadi asubuhi ya kuuzwa ni laini na hunyauka saa chache baada ya kufika juani. Katika wiki za mwisho, kivuli huondolewa na maji hupunguzwa polepole hadi sehemu ya chini ya shina inakuwa ngumu na ya kahawia. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kivuli kiliondolewa lini, na kuomba mche mmoja ung'olewe mbele yake.

Majira hayana mjadala. Miche mitupu hupandwa mvua ikiwa imeshika: mvua ya njahi kuanzia mwishoni mwa Machi, au mvua ya mwere kuanzia Oktoba. Mvua moja ya kwanza haitoshi. Udongo uwe umelowa hadi kina cha mizizi, na siku ya kung'oa iwe ya mawingu. Tuta hulowanishwa kwanza, kisha miche hunyanyuliwa kwa jembe la uma, si kuvutwa kwa mkono. Mizizi huchovywa mara moja kwenye tope zito, ikafungwa kwa gunia lililolowa au magome ya mgomba, na safari isizidi siku hiyo. Dakika chache za jua na upepo huua mizizi myembamba ilhali majani bado ni ya kijani, na ndiyo maana mche huonekana mzima ukipandwa na kufa wiki mbili baadaye. Majani hupunguzwa nusu au zaidi kabla ya kupanda. Kaliandra iliyonenepa hukatwa shina, na mizizi mirefu hupunguzwa kwa kisu kikali badala ya kukunjwa ili iingie shimoni.

Idadi ya miche iliyopandwa ni hesabu rahisi kutangazwa. Serikali ina lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilitolewa kuwa siku ya mapumziko ili watu wapande. Wanawake wa Green Belt Movement, iliyoanzishwa mwaka 1977 na Wangari Maathai wa Ihithe, Nyeri, walihesabu kwa njia nzito zaidi: malipo kidogo yalitolewa kwa mche uliopandwa ukaishi. Kwa mkulima mwenye kipande kidogo cha shamba, hesabu hiyo ndiyo inayomlisha ng'ombe.

Shimoni, shingo ya mche hukaa usawa wa ardhi, udongo wa juu hutangulia kurudishwa, na kisigino hukandamiza pande zote ili hewa isibaki kwenye mizizi. Mche ukivutwa taratibu kwa jani moja, jani likatike kabla mche haujasogea. Sehemu ndogo ya miche, mmoja kwa kila kumi hivi, huachwa kwenye tuta lile lile na kupunguzwa mizizi tena, ili mvua inayofuata ikija iwepo ya kuziba mapengo, ikiwa ya umri mmoja na iliyotangulia.