Kwale na Ufini: Funzo la njaa mbili

Miaka michache iliyopita, nikifundisha somo la isimu historia, niliwaomba wanafunzi wangu kila mmoja ataje neno la lugha ya kwao lenye maana ya njaa. Majibu yalikuja upesi kutoka kila pembe ya ukumbi. Aliyekawia alikuwa binti mmoja wa upande wa Msambweni. Nilipomhimiza, alitamka kwa sauti ya chini: "Ndzala." Baadhi ya wenzake wakacheka.

Kipindi kilipokwisha alinifuata ofisini. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Neno nilikuwa nalijua. Lakini shule niliyosoma, ukisikika ukisema Chidigo ulivikwa kibao shingoni, ukakaa nacho hadi umsikie mwenzako naye akiteleza. Mpaka leo nikitaka kutamka neno la nyumbani mbele ya watu, mkono hunipanda shingoni wenyewe."

Kipindi kilichofuata nililirudia neno lile ubaoni. Niliwaonyesha wanafunzi kwamba Chidigo kimehifadhi sauti ambayo Kiswahili kiliipoteza zamani. Sisi tunasema njaa, Wadigo wanasema ndzala. Sisi tunasema Mungu, wao wanasema Mlungu. Ile "l" iliyodondoka katika Kiswahili ingali hai katika vinywa vya watu wa Kwale. Kwa hiyo anayetaka kuijua asili ya Kiswahili hana budi kupiga hodi Kwale. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ndugu msomaji, neno hilo limenikaa moyoni kwa sababu nyingine pia. Njaa ni mlango mmojawapo wa kuingilia katika historia ya pwani yetu ya kusini, na hasa ile miaka 20 ya mwisho ya karne ya 19 ambayo vitabu vya shule huipitia mbio. Mwanafunzi hufundishwa kwamba Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipigana na Waingereza akashindwa. Aghalabu hafundishwi watu wa Gazi, Diani, Vanga na Wasini walikula nini, walipima nafaka kwa kipimo gani, wala walirithishana mali vipi.

Tuanze na hayo. Katika miaka ya 1880 Wadigo wengi walikuwa wamekwisha kutoka ndani ya kaya zao za kale, wakaishi katika vijiji vilivyotawanyika karibu na mashamba. Hata hivyo kaya, kama ile ya Kinondo iliyo jirani na Diani, zilibaki kuwa mahali pa matambiko na baraza ya wazee. Watu walilima mtama, mahindi na muhogo, na mpunga mabondeni. Waligema tembo, wakasuka makuti, wakapiga kamba za makumbi. Msituni walitafuta sandarusi na mpira wa kuuza. Waduruma, walioishi bara zaidi katika nchi kavu, walifuga ng'ombe.

Ufuoni walikuwako Wavumba wa Vanga na Wasini, na Washirazi wa Funzi, Bodo na Munje, wavuvi na mabaharia. Majahazi yao yalifuata kaskazi na kusi kati ya Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja, yakirudi na kaniki na merikani. Tazama jina hilo la merikani: kitambaa kilichofumwa ng'ambo ya bahari kilipewa jina na wanawake na wachuuzi wa pwani, nalo limo katika kamusi mpaka leo. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na bidhaa nzito kwa frasila. Malipo yalifanywa kwa riale, rupia na pesa. Mali ya Mdigo ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, ila Uislamu ulivyozidi kuenea ndivyo watoto wa kiume na wa kike walivyoanza kudai urithi wa baba, na mashauri ya aina hiyo yakajaa barazani. Wako pia walioandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, katika barua za biashara na za siasa.

Simpambi mtu. Katika mashamba ya pwani hiyo walifanya kazi watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda wetu wa pwani hadi 1907. Yeyote atakayesimulia enzi hizo kama bustani ya raha atakuwa anawadhulumu wale waliolima bila ujira.

Juu ya maisha hayo yakaja mambo matatu kwa mfululizo. La kwanza ni mpaka. Mnamo 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea bara. Wadigo wakajikuta wengine huku, wengine upande wa Tanga, bila hata mmoja wao kuulizwa. La pili ni vita. Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka huohuo ugomvi wa kurithi utawala wa Takaungu uligeuka kuwa vita vya Wamazrui, na Mbaruk wa Gazi akaingia. Ngome yake ya Mwele ilitekwa Agosti, askari wakaletwa kutoka India, na Aprili 1896 akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Aliishi uhamishoni karibu na Dar es Salaam hadi kufa kwake mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi baadaye iligeuzwa kuwa shule.

La tatu ni njaa. Kati ya 1898 na 1900 mvua zilikataa, na Wamijikenda wakaiita njaa hiyo Magunia, kwa sababu ya chakula cha msaada kilicholetwa kwa magunia. Ilikuja baada ya njaa nyingine ya miaka ya 1880, na baada ya sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Katika majanga hayo wako wazazi waliowaweka rehani watoto wao kwa wenye nafaka ili waliobaki wapate kuishi. Nawaomba walimu wa Kiswahili walikumbuke jambo hilo kila wanapolifundisha neno rehani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 haikuwasaidia watu wa Gazi na Vanga. Iligusa tu ukingo wa kaskazini wa nchi ya Waduruma, ikaenda zake Kisumu.

Sasa nakuomba, msomaji, unifuate hadi nchi ya mbali, kwa kuwa kule nako kulikuwa na njaa, nami nataka tuziweke njaa hizi mbili upande kwa upande. Nchi hiyo ni Ufini, kaskazini mwa Ulaya. Leo walimu wetu huitaja kwa sifa ya shule zake. Katika karne ya 19 haikuwa nchi ya kusifiwa. Ilikuwa imetawaliwa na Uswidi kwa karne nyingi, kisha mwaka 1809 ikaangukia mikononi mwa mfalme wa Urusi. Lugha ya mahakama, ya ofisi na ya chuo kikuu ilikuwa Kiswidi, ilhali wananchi wengi walisema Kifini. Kifini kilihesabiwa kuwa lugha ya wakulima na vijakazi. Mtoto wa mkulima aliyetaka kuinuka alilazimika kuiacha lugha ya mamaye mlangoni, kama alivyofanywa yule binti wa Msambweni.

Mwaka 1867 barafu haikuyeyuka katika maziwa ya nchi hiyo hadi Juni, na Septemba jalidi ikaua mazao kabla hayajavunwa. Watu walichanganya unga na gome la msonobari ili wapate mkate. Makundi ya wenye njaa yalitangatanga barabarani, na maradhi yakawafuata. Takriban asilimia 8 ya watu wote walikufa katika miaka ya njaa hiyo. Wengine walifia katika ujenzi wa reli ya kwenda Petersburg, walikokwenda kufanya kazi ili wapate chakula.

Njaa hiyo, hata hivyo, iliikuta Ufini ikiwa imekwisha kuanza jambo fulani. Mwaka 1863 amri ilitolewa kwamba katika muda wa miaka 20 Kifini kiwe sawa na Kiswidi katika ofisi na mahakama. Mwaka huohuo mchungaji na mwalimu Uno Cygnaeus alifungua katika mji wa Jyväskylä chuo cha kufunza walimu, wanaume kwa wanawake, kwa lugha ya Kifini. Mwaka 1866 ikapitishwa sheria ya shule za msingi, na kazi za mikono zikawekwa katika ratiba pamoja na kusoma na kuhesabu. Mwaka 1870 Aleksis Kivi alichapisha riwaya ya Kifini kuhusu ndugu saba wakaidi wanaohangaika, pamoja na mengine, kujifunza kusoma. Elias Lönnrot, daktari aliyetembea vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, alikamilisha mwaka 1880 kamusi kubwa ya lugha yao. Uhuru wa Ufini ulikuja mwaka 1917, na haukuwakuta Wafini wakiwa hawana vitabu.

Linganisha hayo na yetu. Miaka miwili baada ya kamusi ya Lönnrot, yaani mwaka 1882, ilichapishwa London kamusi ya Kiswahili ya Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Ni kazi kubwa, nasi wanaisimu tungali tunaitumia. Walakini iliandikwa na mgeni ili wageni wenzake wapate kusema nasi. Ya Lönnrot iliandikwa na mwana wa nchi ili wananchi wapate kusoma. Hapo ndipo njia zilipoachana.

Kuna mtu atakayeniambia kwamba lugha haipiki ugali. Ni kweli, wala sidai kwamba Wafini walishiba kwa sababu ya kamusi. Walikuwa na mambo ambayo Wadigo hawakuwa nayo. Ingawa walikuwa chini ya Urusi, walikuwa na baraza lao la utawala, na tangu 1860 walikuwa na sarafu yao. Kanisa lao lilikuwa limewafundisha watu wa kawaida kusoma tangu kale. Na la muhimu kuliko yote, wakulima wao wengi walikuwa na hati za mashamba na misitu, hivyo viwanda vya mbao vilipokuja wakauza miti yao wenyewe. Kwale kulikuwa kinyume. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani alete madai yake, nayo iliwafaa zaidi wale waliozoea umiliki wa mtu mmojammoja na maandishi ya ofisini. Ardhi ambayo jamii iliijua kwa jina la mbuyu na la babu ikahesabiwa kuwa ya serikali. Uskwota unaoisumbua Diani mpaka leo una mzizi hapo.

Kwa hiyo lugha na ardhi haziko mbalimbali kama tunavyodhani. Mtu asiyeweza kusoma karatasi inayomhusu hunyang'anywa kwa utaratibu kamili, kwa muhuri na sahihi. Mfini aliipata karatasi yake kwa lugha yake. Mdigo aliletewa karatasi kwa lugha ya mgeni, na mtoto wake alipokwenda shule alivikwa kibao kwa kuitamka lugha ambayo ardhi hiyo ilipewa majina kwayo.

Maendeleo ya kupita njia tumeyaona mara nyingi. Sandarusi na mpira vilikwenda na majahazi. Majuzi tumeuona mgodi wa titani wa Kwale, uliosafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024. Kila mara swali la wanakijiji ni lilelile: nini kitabaki? Sina jibu la uchumi. Jibu langu ni la mwalimu: hubaki kile ambacho watu wamejifunza na wanaweza kukirithisha.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za asili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, una nafasi ya lugha hizo katika madarasa ya chini. Mwaka 2004 ilichapishwa kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, na miongoni mwa waandishi wake wamo Wadigo wenyewe. Mwaka 2008 misitu ya kaya, Kinondo ikiwemo, ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kinachokosekana ni watu wa kuitumia nafasi hii.

Basi nawageukia walimu wa Kwale, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya likizo. Waende kwa babu na bibi wakaulize majina ya mnazi, tangu kidaka, kitale, dafu na koroma hadi nazi, kwa Chidigo, Chifundi na Chivumba. Waulize majina ya njaa za zamani, na nani alimsaidia nani. Waulize shamba la ukoo linaitwaje, na kwa nini. Yaandikwe katika daftari moja la shule, likae maktabani, liongezwe kila mwaka. Lönnrot hakuanza na zaidi ya hayo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nawaambia muache Kiswahili au Kiingereza. Zisomeni zote mbili kwa bidii, maana karatasi za leo zimeandikwa kwa hizo. Ila wahenga walinena, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Yule binti wa Msambweni amekwisha hitimu, naye ni mwalimu sasa. Aliniandikia kwamba katika darasa lake hakuna kibao. Siku ya kwanza ya muhula huwaandikia watoto neno moja ubaoni, ndzala, kisha huwauliza ni nani nyumbani kwao anayeikumbuka Magunia.